Thomas Browne, Tabibu wa Norwich

Tangu zama za kale matabibu wamekuwa miongoni mwa watu walioipenda kalamu, wala jambo hili si la ajabu, kwa kuwa mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza maumivu ya wenziwe, kukesha kando ya vitanda vya wanaokata roho, na kupambanua kila siku baina ya dalili ya kweli na dalili ya uongo, hukusanya kifuani mwake mambo mengi ambayo dawa peke yake haiwezi kuyasema. Ibn Sina wa Bukhara aliieleza elimu ya tiba kwa shairi refu la Kiarabu, na Anton Chekhov wa Urusi aliwatibu wakulima maskini huku akiandika hadithi zilizoenea ulimwengu mzima. Lakini katika fani ya insha, ambayo ndiyo fani ya mtu anayefikiri mbele ya msomaji wake pasipo kuficha shaka wala imani yake, ni wachache waliofika daraja ya Sir Thomas Browne, tabibu wa mji wa Norwich katika Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1605 akafariki mwaka 1682. Historia ya uandishi wake yastahili kusimuliwa kwa utaratibu, kwa sababu ndani yake mna fundisho kubwa: kila alipoichukua ada ya tabibu, yaani kutazama kwanza na kuhukumu baadaye, akaitia katika maandishi yake, kalamu yake iliwanufaisha watu, na siku moja alipoiacha ada hiyo mbele ya mahakama, wanawake wawili walinyongwa.

Alizaliwa London tarehe 19 Oktoba 1605, katika mtaa wa Cheapside, mwana wa mfanyabiashara wa nguo za hariri. Baba yake alifariki mwaka 1613, mtoto akiwa bado mdogo, na mama yake akaolewa tena na mtu mwenye cheo, Sir Thomas Dutton. Alisomeshwa katika skuli ya Winchester, kisha mwaka 1623 akaingia Oxford, katika nyumba ya wanafunzi iliyoitwa Broadgates Hall. Na mwaka uliofuata, nyumba hiyo ilipopandishwa daraja ikawa Chuo cha Pembroke, kijana Browne ndiye aliyechaguliwa miongoni mwa wanafunzi wenzake kutoa hotuba ya Kilatini katika sherehe ya kukizindua. Basi hata kabla hajashika mkono wa mgonjwa, alikwisha kujulikana kuwa ni mtu wa maneno.

Wakati ule kijana wa Kiingereza aliyetaka kuzama katika elimu ya tiba aghalabu aliifuata ng'ambo, na Browne alivuka bahari akasoma katika miji mitatu iliyokuwa mashuhuri kwa elimu hiyo: Montpellier katika Ufaransa, ambako kwa karne nyingi vitabu vya Ibn Sina na Ar-Razi vilifundishwa katika tafsiri za Kilatini; Padua katika Italia, ambako palikuwa na ukumbi wa kupasulia maiti, wanafunzi wakisimama ngazi juu ya ngazi kuutazama mkono wa mwalimu; na Leiden katika Uholanzi, ambako alitunukiwa shahada ya udaktari mwaka 1633. Katika safari hizo aliishi na Wakatoliki na Waprotestanti, akala vyakula vyao, akazitazama ibada zao, na akajifunza kuwasikiliza watu ambao nchini kwao aliambiwa kuwa ni wapotevu. Fauka ya hayo, zama zile zilikuwa zama za msukosuko katika elimu ya mwili. Mwaka 1628 William Harvey, naye mwanafunzi wa zamani wa Padua, alikuwa ametoa kitabu kilichothibitisha kwamba damu huzunguka mwilini ikisukumwa na moyo, na matabibu wengi waliozeeka katika mafundisho ya kale walikataa kusadiki. Browne alisadiki, na miaka kadhaa baadaye alimwandikia kijana aliyemwomba ushauri wa masomo kwamba yeye aliuona uvumbuzi wa Harvey kuwa bora kuliko ule wa Columbus.

Aliporejea kwao, mnamo mwaka 1635, akiwa na umri wa karibu miaka 30, aliandika kitabu kidogo alichokiita Religio Medici, yaani dini ya tabibu. Ilikuwapo methali ya Kilatini iliyosema kwamba walipo matabibu watatu, wawili kati yao hawamwamini Mungu. Na kijana huyu, aliyejua kuwa watu watamdhania hivyo hivyo, aliketi ajieleze nafsi yake. Hakuandika fatwa wala kitabu cha mabishano ya kidini, ambavyo wakati ule vilijaa kila duka la vitabu, bali aliuchunguza moyo wake mwenyewe kama ambavyo angeuchunguza mwili wa mtu mwingine, akaeleza nini anaamini, nini kinampa taabu kuamini, na nini alikwisha kuamini katika ujana kisha akakiacha. Alisema kwamba hawezi kumkasirikia mtu kwa sababu ya kuhitilafiana naye katika rai, maana huenda yeye mwenyewe baada ya siku chache akahitilafiana na rai yake ya leo. Sehemu ya pili ya kitabu aliiweka kwa ajili ya upendo na huruma, akaeleza kwamba hawezi kwenda kuuponya mwili wa mgonjwa asiisahau kazi yake kwa kitambo, akamwombea roho yake kwa Mungu.

Kitabu hicho hakukiandika kwa nia ya kukichapisha. Alikipa rafiki, rafiki akakinakili akampa rafiki mwingine, na nakala zikaenda zikizaana, kila moja na makosa yake. Wakati huo Browne alikuwa amehamia Norwich, mwaka 1637, mji mkubwa wa wafuma nguo upande wa mashariki ya Uingereza, ambamo palikuwa na wakimbizi wengi wa Kiholanzi na Kiflemi waliokuja na ufundi wao. Na hapo ndipo alipoifanya kazi yake ya utabibu kwa miaka 45 iliyobaki ya umri wake. Mwaka 1641 alimwoa Dorothy Mileham, wakajaliwa watoto wengi, ambao wengi wao walitangulia mbele ya haki kabla ya wazazi wao. Kisha mwaka 1642 mchapishaji mmoja wa London, Andrew Crooke, akaipata nakala moja yenye makosa akaipiga chapa pasipo idhini wala jina la mwandishi, na kitabu kikauzwa upesi hata kikapigwa chapa mara ya pili mwaka huo huo.

Miongoni mwa waliokisoma alikuwamo Sir Kenelm Digby, Mkatoliki mwenye elimu nyingi, aliyekuwa amefungwa London kwa amri ya Bunge. Mtukufu mmoja alimwandikia akimsifia kitabu hicho kipya. Digby akatuma mtu dukani usiku, akakisoma kitandani mpaka mwisho, na pasipo kungoja akatunga kitabu kizima cha kukijadili. Browne, alipopata habari kwamba maneno yake yaliyoharibika yanajadiliwa hadharani, alimwandikia Digby kwa adabu, akasahihisha kitabu chake, akakitoa rasmi mwaka 1643 kwa mchapishaji yule yule aliyemwibia. Mwaka 1644 kilitafsiriwa kwa Kilatini na kupigwa chapa Leiden, kikasomwa katika Ulaya yote. Na mwaka 1645 wakuu wa Kanisa Katoliki huko Roma wakakitia katika orodha ya vitabu vilivyoharamishwa, hali mwaka uo huo mwalimu mmoja wa Kiprotestanti, Alexander Ross, alikishambulia kwa kosa la kuwapendelea Wakatoliki. Mtu anayeshutumiwa na pande zote mbili kwa ajili ya upole wake aghalabu huwa amesema jambo la kweli.

Yapasa kukumbuka kwamba kitabu hiki cha upole kilitoka katika mwaka ambao Waingereza walianza kuuana. Vita baina ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge vilianza mwaka 1642, na Norwich ulikuwa mji wa upande wa Bunge, lakini Browne moyo wake ulikuwa kwa Mfalme. Mwaka 1643 walipotakiwa kuchanga fedha za vita, yeye alikuwa miongoni mwa raia 432 wa mji ule waliokataa. Hata hivyo hakushika silaha wala hakuandika matusi. Aliendelea kuwatibu watu wa kila upande, na saa alizobakiwa nazo alizitia katika kazi nyingine, iliyo kubwa kuliko zote alizopata kuandika.

Kazi hiyo ilitoka mwaka 1646 kwa jina la Pseudodoxia Epidemica, na wasomaji wa Kiingereza wakazoea kukiita kitabu cha makosa ya umma. Jina lenyewe lilikuwa la kitabibu, maana alizihesabu dhana potofu kuwa ni tauni inayoambukiza, yenye chanzo chake, njia zake za kuenea, na dawa yake. Katika sehemu ya kwanza alizipanga sababu za ugonjwa huo kwa utaratibu: udhaifu wa maumbile ya binadamu, wepesi wa kusadiki, uvivu wa kuchunguza, na hasa kule kuyaabudu maneno ya watu wa kale eti kwa kuwa ni ya kale. Kisha akaja kwenye makosa yenyewe, moja baada ya moja: kwamba almasi hulainika kwa damu ya mbuzi, kwamba mbuni husaga chuma tumboni mwake, kwamba kinyonga huishi kwa kula hewa. Kila dhana aliisimamisha mbele ya waamuzi watatu, nao ni kauli za wenye elimu, hoja ya akili, na ushahidi wa macho. Na pale waamuzi hao walipogombana, mara nyingi macho ndiyo yaliyopewa neno la mwisho.

Wala hayakuwa macho ya kuazima. Watu walisema kwamba chura na buibui ni maadui wa kufa na kupona, na kwamba buibui humwua chura kwa sumu yake. Browne alimtia chura katika chombo cha kioo pamoja na buibui kadhaa, akakaa kuwatazama: buibui walimpanda chura kichwani, wakatembea juu ya mwili wake wote pasipo vita yoyote, na chura, kila mmoja alipopita karibu na kinywa chake, akammeza, hata katika muda wa saa chache alikuwa amekwisha kuwameza saba. Watu walisema kwamba ndege mdiria aliyekufa, akitundikwa kwa mdomo, huelekeza kifua chake upande upepo utokako. Browne alimtundika kwa uzi wa hariri katika chumba kilicho wazi, ambamo hewa hupita, akaona kwamba ndege hugeuka ovyo, na wawili wakitundikwa pamoja kila mmoja huelekea kwake. Walisema tena kwamba sindano mbili zilizosuguliwa kwa sumaku moja, zikiwekwa kila moja katikati ya duara ya herufi, zitawawezesha marafiki wawili walio mbali kusemezana, kwa kuwa moja ikigeuzwa kwenye herufi fulani nyenzake itaifuata. Browne aliziunda duara hizo, akaigeuza ya kwanza, na ya pili haikutikisika hata ilipokuwa karibu nayo. Na nyangumi mkubwa alipotupwa na bahari katika pwani ya Norfolk, karibu na mji wa Wells, tabibu hakuridhika na habari za wavuvi, bali alikwenda kumchunguza ili ajue asili ya yale mafuta meupe yanayotoka kichwani mwake, ijapokuwa uvundo wa mzoga ulikuwa mkali kiasi cha kumzuia kuendelea na uchunguzi kama alivyotaka.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki atavutwa zaidi na mahali pawili katika kitabu hicho. Pa kwanza ni habari ya tembo, kwa kuwa tangu zama za kale vitabu vya Ulaya vilisimulia kwamba mnyama huyu hana viungo magotini, kwa hiyo hulala akiwa ameegemea mti, na mwindaji akiukata mti ule nusu, tembo huanguka asiweze kuinuka. Jambo hili, ambalo mtoto yeyote aliyekulia karibu na mbuga angelicheka, lilikuwa limerudiwa na wenye elimu kwa karne nyingi. Browne alilikanusha kwanza kwa hoja, akionyesha kwamba mnyama asiye na viungo hawezi kutembea, sembuse kukimbia. Kisha kwa ushahidi, kwa sababu miaka si mingi nyuma tembo mmoja alikuwa ametembezwa katika sehemu nyingi za Uingereza, na watu walimwona akipiga magoti na kulala chini. Aliwalaumu waandishi ambao, hata baada ya kuonyeshwa, walirudi kwenye kauli ya kale.

Pa pili ni pazito zaidi. Katika sehemu ya sita ya kitabu Browne aliuliza sababu ya weusi wa watu wa Afrika, na aliuliza wakati ambao merikebu za Ulaya zilikuwa zikiwavusha Waafrika Bahari ya Atlantiki kwa maelfu katika utumwa, na jibu lolote lililotolewa lilikuwa na faida kwa mtu fulani. Majibu yaliyokubaliwa yalikuwa mawili. La kwanza lilidai kwamba ni jua. Browne alijibu kwamba wapo watu Marekani waishio chini ya jua lile lile nao si weusi, na kwamba Waafrika waliohamishiwa katika nchi nyingine huzaa watoto weusi vile vile. La pili lilidai kwamba weusi ni laana iliyoteremshwa juu ya kizazi cha Hamu mwana wa Nuhu, na hili ndilo lililopendwa na wenye watumwa. Browne aliirudia hadithi ya Maandiko kwa uangalifu, akaonyesha kwamba aliyelaaniwa humo ni Kanaani, wala si Hamu, na kwamba katika kizazi cha Hamu wapo watu wengi wasiokuwa weusi. Kisha akavuka mpaka ambao wengi wa zama zake hawakuuvuka: akasema kwamba rangi hiyo haiwezi kuitwa laana, maadamu walio nayo hawaihesabu kuwa ni ubaya, bali huona uzuri ndani yake na kuwachora mashetani kwa rangi nyeupe, na kwamba uzuri hutegemea rai na mazoea ya kila umma. Juu ya sababu ya kweli alikiri kuwa ingali fumbo. Si neno dogo hilo, kutoka kwa mtu wa mwaka 1646.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1658, alitoa insha yake iliyo bora kwa ufasaha. Katika shamba moja la mchanga mkavu karibu na Walsingham, huko huko Norfolk, wachimbaji walikuta mitungi ya udongo baina ya 40 na 50, iliyofukiwa kina kisichofika yadi moja, na ndani yake mifupa ya watu iliyochomwa moto: vipande vya mafuvu, mbavu, taya, mapaja na meno, pamoja na mabaki ya visanduku, vitana, vibanio vya shaba, na katika mtungi mmoja jiwe la opali. Browne aliitazama mifupa ile kwa jicho la tabibu, akiipima na kubainisha viungo, na mara akaona kwamba swali lililo mbele yake halikuwa la tiba tena. Ni nani hawa? Walitaraji nini walipowatia wapenzi wao katika vyombo hivi? Kutoka hapo insha, aliyoipa jina la Hydriotaphia, inapanda kutoka desturi za mazishi za mataifa mbalimbali, walioteketeza na waliozika na waliohifadhi maiti zao kwa manukato, hadi kwenye ubatili wa kila juhudi ya binadamu ya kutaka jina lake lisisahaulike. Aliidhani mitungi ile kuwa ya Warumi, na wachunguzi wa baadaye wamebaini kwamba ilikuwa ya Wasaksoni. Lakini kosa hilo la tarehe halikuipunguzia insha thamani yake, kwa kuwa kiini cha maneno yake ni mauti yenyewe, nayo hayana taifa. Pamoja nayo, katika juzuu moja, aliitoa insha ya pili iitwayo The Garden of Cyrus, inayofuatilia mpango wa tano tano katika upandaji wa miti, katika majani, katika maua na katika kazi za mikono ya watu.

Hapa historia yafika mahali pachungu. Browne, aliyechunguza chura na mdiria na tembo, alikuwa na imani moja ambayo hakuipeleka kamwe mbele ya waamuzi wake watatu, nayo ni imani ya kuwapo kwa wachawi waliofanya mapatano na Shetani. Alikuwa ameitangaza wazi katika Religio Medici, akiona kwamba mwenye kukanusha wachawi amekanusha roho, na mwenye kukanusha roho yu karibu na kumkanusha Mungu. Mwezi wa Machi 1662 wanawake wawili wazee wa mji wa pwani wa Lowestoft, Rose Cullender na Amy Denny, wote wajane, walisimamishwa mbele ya Jaji Matthew Hale huko Bury St Edmunds, wakishitakiwa kuwaroga watoto walioshikwa na kifafa na kutapika pini. Browne alikuwapo mahakamani, akaulizwa rai yake akiwa mtaalamu. Alijibu kwamba anawasadiki watoto hao kuwa wamerogwa. Kwamba ugonjwa wao kwa asili ni wa kawaida, bali Shetani ameuzidisha kwa kushirikiana na chuki ya wachawi. Akataja na kisa kilichotokea Denmark karibuni.

Baada ya hapo lilifanyika mahakamani jambo ambalo Browne mwenyewe ndiye aliyestahili kulifanya. Ilidaiwa kwamba mtoto mmojawapo, akiwa katika kifafa, vidole vyake vilivyofumbata havifunguki mpaka aguswe na mshitakiwa. Baadhi ya waungwana waliotia shaka walimfunika msichana macho kwa aproni, kisha wakamleta mwanamke mwingine, asiyeshitakiwa lolote, akamgusa. Na msichana akafungua mkono vile vile. Waungwana wale walirudi wakasema waziwazi kwamba shauri lote ni udanganyifu mtupu. Hilo lilikuwa jaribio safi kama lile la ndege katika uzi wa hariri, na matokeo yake yalikuwa dhahiri. Lakini kauli ya tabibu mkubwa ilikuwa imekwisha kusikiwa na wazee wa baraza, na kitabu cha makosa ya umma hakikufunguliwa siku hiyo. Wanawake wale walihukumiwa, wakanyongwa wakiwa wanakana hatia. Habari ya kesi hiyo ilichapishwa mwaka 1682, ikavuka bahari, na miaka 10 baadaye waliowahukumu watu kwa uchawi katika Salem ya Marekani waliitegemea kama mwongozo.

Maisha ya Browne baada ya hapo yalikwenda katika heshima. Chuo cha Matabibu cha London kilimpa uanachama wa heshima, na mwaka 1671 Mfalme Charles wa Pili alipoutembelea mji wa Norwich alimtunuku cheo cha Sir. Mwaka uo huo John Evelyn, mwandishi wa shajara mashuhuri, alifika nyumbani kwake, akastaajabia nyumba na bustani zilizojaa vitabu, sarafu za kale, mimea na mayai ya ndege wa kila namna. Mwanawe Edward alishika njia yake, akawa tabibu London na baadaye rais wa Chuo cha Matabibu. Na barua ambazo mzee alimwandikia kwa miaka mingi, zikichanganya dua, mashauri ya dawa, na maswali ya samaki na ndege, zingalipo hadi leo. Insha yake juu ya mgonjwa aliyekufa kwa kifua kikuu, ambayo ni maelezo ya kitandani yaliyogeuzwa wasia, ilichapishwa mwaka 1690, yeye akiwa kaburini; na Christian Morals, kitabu chake cha maadili, kikatoka mwaka 1716. Alifariki tarehe 19 Oktoba 1682, siku aliyotimiza miaka 77, akazikwa ndani ya kanisa la St Peter Mancroft, Norwich.

Kaburi lake halikuachwa. Mwaka 1840 mafundi waliokuwa wakichimba kanisani walilivunja jeneza lake, fuvu likachukuliwa, na kwa miaka mingi likawekwa katika makumbusho ya hospitali ya mji. Na mtu huyu alikuwa ameandika katika insha ya mitungi kwamba kufukuliwa makaburini na kufanyiwa mafuvu yetu vyombo vya kunywea ni machukizo makubwa. Lilirudishwa kaburini mwaka 1922. Lakini maandishi yake hayakuhitaji kufukuliwa. Dakta Samuel Johnson aliandika wasifu wake mwaka 1756. Waandishi Coleridge, Melville na Borges walimhesabu miongoni mwa walimu wao. Na William Osler, Mkanada aliyekuwa tabibu mashuhuri kuliko wote wa zama zake, alikinunua Religio Medici akiwa mwanafunzi, akakaa nacho umri mzima, na alipofariki mwezi wa Desemba 1919 nakala yake aliyoipenda iliwekwa juu ya jeneza lake.

Hukumu ya historia juu ya mtu huyu haina budi kuwa na pande mbili, na mwenye kuutaja mmoja akauficha wa pili hamtendei haki yeye wala wale wajane wa Lowestoft. Kalamu yake iliondoa uongo mwingi, ikamtetea Mwafrika dhidi ya laana aliyozuliwa, na ikaifundisha lugha yake kusema juu ya mauti kwa taadhima. Sauti yake, siku iliyosema pasipo kuchunguza, ilisaidia kuua. Na uzito wake mahakamani ulitoka katika sifa ile ile aliyoipata kwa kuchunguza. Katika nchi zetu pia vikongwe wamepoteza maisha yao kwa tuhuma za uchawi, na wenye elimu wakanyamaza. Basi tabibu wa leo aliyejaliwa karama ya kuandika, awe Zanzibar au Mwanza, Mombasa au Lubumbashi, anayo kazi mbele yake: aitazame imani inayoua kama anavyoutazama ugonjwa, aandike alichokithibitisha kwa Kiswahili ambacho mgonjwa wake anakifahamu, na asitie sahihi yake chini ya neno ambalo hajalichunguza.